Mashine ya Marehemu

Sijapata kuona kitu kilichojadiliwa na watu wasiokigusa kama ilivyojadiliwa mashine ya kumenyea kahawa ya marehemu baba mkwe wangu. Wanaume waliijadili nje ya kanisa baada ya misa, wakaijadili kwenye soko la Mkuu, wakaijadili kwenye pombe ya kila aliyepika pombe. Mimi niliyekuwa nikiizungusha sikuulizwa. Ndivyo tulivyoishi huku mlimani miaka ile ya Mwingereza: kahawa ni ya mwanamume, ndizi ni za mwanamke. Mashine ilimenya kahawa, kwa hiyo ilikuwa ya wanaume. Mkono wake wa kuzungushia tu ndio uliokuwa wa mwanamke, na hakuna aliyewahi kunieleza ilikuwaje.

Ilisimama uani, kando ya mfongo, ule mfereji uliotuletea maji kutoka msituni. Ilikuwa chuma kizito cheusi juu ya miguu ya mbao. Juu ilikuwa na mdomo mpana wa kumiminia kahawa, ndani gurudumu lililovikwa bati la shaba lenye meno madogo, na ubavuni ule mkono. Kahawa nyekundu iliyochumwa asubuhi unaimimina mchana, unatia maji, unazungusha. Maganda yanatokea huku, punje zinatokea kule, safi, zikiteleza. Hivyo ndivyo wenye mashine zao walivyonisimulia. Yetu, tangu nilipoolewa, ilitoa punje zilizokatwakatwa, zimechanganyika na maganda, na kahawa nyingine ikapita nzima kama ilivyoingia. Kisha inakwama. Unavuta, haiendi, unavuta tena, inaachia ghafla na kukurudisha nyuma, wewe na mtoto uliyembeba mgongoni. Jioni wenzangu walikuwa jikoni wanapika mtori, mimi nimekaa na ungo nachambua punje moja moja, bega linawaka moto.

Kwa nini basi haikutupwa? Haikuwa siri. Baba mkwe alikuwa mtu wa kwanza katika upande wetu wa mlima kununua mashine. Alifariki kabla sijaja. Kwa desturi ya zamani mwanamume angezikwa kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, katikati ya migomba na kahawa zake, na watu wa nyumba yake wangepita karibu naye kila siku wakienda kukata majani ya ng'ombe. Lakini yeye alikuwa Mkristo, na padre alimzika misheni, mbali kule chini, kwenye mstari pamoja na wengine. Mama mkwe hakubishana na padre. Alirudi nyumbani, akakuta hakuna mahali pa kuonyesha kwa kidole akasema, huyu hapa. Nyumba ya nyasi waliyoishi pamoja wanawe waliibomoa wakajenga ya mabati. Kigoda chake alikichukua mwanawe mkubwa. Ikabaki mashine.

"Mkiiondoa hiyo," aliwaambia wanawe, "mtakuwa mmemtoa baba yenu nyumbani mara ya pili."

Sasa neno kama hilo utalijibu nini? Nilimwelewa kabisa. Nilikasirika vilevile.

Mume wangu alikuwa kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba, na mama, na kila kilichomo. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulinichosha. Alikubaliana na kila aliyesema mwisho. Asubuhi nikimwambia mashine imekufa, alisema kweli imekufa. Mchana mama yake akimwambia inahitaji kupakwa mafuta tu, alisema kweli, mafuta tu.

Mpaka siku moja akarudi kutoka ghala la kahawa na gunia lilelile aliloondoka nalo. Karani alikuwa amechota kiganja kimoja, akakitazama, akakirudisha. Kahawa imekatika, hatuipokei. Mume wangu alipita na gunia lile mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Alilitua uani, akakaa juu yake.

"Itabidi nizungumze na kaka," alisema.

"Zungumza na mashine," nikamjibu. "Mimi nimezungumza nayo mwaka mzima, labda wewe itakusikia."

Akacheka, jambo ambalo sikulikusudia.

Kuzungumza na kaka hakukuwa kuvuka korongo na kumwambia kaka, mashine ni mbovu, tununue nyingine. Kitu cha baba ni cha wana wote, hata kama kimebaki kwa mmoja, na hakiamuliwi kwa kinywa kikavu. Lazima ipikwe mbege, pombe yetu ya ndizi, waitwe wazee wa ukoo, watu wakae. Nani atapika mbege? Basi katikati ya msimu, kahawa inaiva mtini na nyingine inaanza kudondoka, nikavundika ndizi, nikachemsha, nikasaga ulezi, nikachanganya, nikakesha nikisikiliza kama inachacha vizuri. Ili mashine iniache nipumzike, ilinibidi kwanza nifanye kazi mara mbili.

Wakaja, wakanywa, wakaisifu pombe. Shemeji yangu mkubwa alikaa kwenye kigoda cha baba yake, alichokuja nacho kutoka kwake. Alizunguka mashine mara moja, akaipiga kofi ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Chuma cha zamani hakifi," akasema. "Itengenezwe."

Lazima niseme hapa kwamba shemeji mwenyewe alikuwa na mashine mpya nyumbani kwake. Mke wake alikuwa anazungusha huku anaimba. Sauti ilivuka korongo ikanikuta mimi nimeng'ang'ania mkono wa chuma kisichokufa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtaniuliza, kwa nini usiende kumenyea kwake? Nilikwenda, mara moja. Nilivuka korongo na vikapu kichwani, nikamenya yote kabla jua halijapinda, nikarudi nimefurahi. Nikamkuta mama mkwe ameketi kando ya mashine iliyokuwa kavu, kanga imefunika kichwa, na jioni ile hakula. Sikuvuka tena.

Basi tukaifunga kwa majani ya migomba, ikapakiwa kwenye lori, mimi na mume wangu tukashuka nayo mpaka Moshi, kwa fundi mmoja wa mtaa wa Njoro. Alikuwa Mwislamu, mzee wa mjini ambaye ukimuuliza kwao wapi angekutajia sehemu nne. Mume wangu akamwamkia.

"Marahaba, karibuni. Za mlimani?"

"Nzuri, mzee. Ila huyu mgonjwa tumekuletea."

Akaifungua. Akatoa lile bati la shaba, limelika mpaka unaona mwanga upande wa pili. Chini yake kulikuwa na utandu mzito wa rangi ya udongo. Akaukwangua kwa kisu, akaunusa, akamtazama mume wangu.

"Bwana, hii mnamenyea kahawa au mnapikia pombe?"

"Kahawa, mzee. Maji ya kahawa yakilala huchacha."

"Kahawa naijua. Hii ni mbege. Mimi nimeoa Kibosho, bwana. Hata kama siinywi, ninapokwenda ukweni naketi katikati yake." Akaonyesha kwa ncha ya kisu. "Na huu ni ulezi. Tangu lini kahawa ikazaa ulezi?"

Mume wangu akacheka tena. Akasema labda watu walitua mtungi juu yake siku ya sherehe. Fundi akavika gurudumu shaba mpya, akanyoosha kilichopinda, akatia grisi. Tulipoondoka akasema, "Msiinyweshe tena." Mume wangu alikwisha sahau tulipofika stendi ya malori. Mimi nilikaa juu ya magunia njia nzima nikiwafikiria walevi wote wa upande wetu, mmoja baada ya mwingine, nikijiuliza ni yupi.

Kwa muda ilikuwa raha, siwezi kukataa. Mkono ulizunguka. Punje zilitoka nzima. Nikajikuta naimba na mimi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili ivuke korongo. Mama mkwe alitoka akaketi pembeni, akawa anatazama gurudumu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye mgonjwa wake ameanza kula.

Halafu ikaanza tena. Kwanza mlio, kisha kukwama kidogo, kisha ile tabia yake ya kuachia ghafla. Nilifungua kifuniko nikaingiza kidole kati ya meno. Kidole kilitoka kinanata, na juu yake punje mbili za ulezi.

Niliona giza kwa hasira. Nilimshuku mume wangu na rafiki zake. Nilimshuku jirani mmoja aliyekuwa hajui kuupita ua wetu bila kuingia kuuliza kama kuna kitu cha kukata kiu. Nikaamua kumvizia mtu huyo, na kwa kuwa mchana nilikuwa uani muda wote bila kumwona, nikajua anakuja alfajiri.

Sikuvizia sana. Siku iliyofuata nilitoka kukamua kabla hakujapambazuka vizuri, nikamwona mama mkwe. Alikuwa amevaa tayari kwa misa ya asubuhi, rozari shingoni, na mkononi kata iliyojaa mbege. Akasimama mbele ya mashine. Akamimina taratibu katika ule mdomo mpana, kidogo, akangoja, kidogo tena, kama unavyomnywesha mgonjwa. Na alikuwa anaongea. Alimweleza marehemu mumewe kwamba ng'ombe amezaa dume. Kwamba kifua cha kitinda mimba bado kinamsumbua. Kwamba mfongo umeziba kule juu na watu wanategeana kuuzibua.

"Na mkwe wako," akasema, "kazi anaifanya vizuri. Ila ana mdomo."

Nilisimama nyuma ya mgomba na chombo cha maziwa mkononi. Hasira ilikuwa imenijaa. Bega langu lote, kila punje niliyochambua kwenye ungo, gunia lililorudishwa, safari ya Moshi, vyote vilikuwa vinatiririka pale ndani ya kata moja. Nikatoka. Hakushtuka. Alimalizia kumimina kwanza.

"Mama," nikasema, "mbege ndiyo inayoila mashine."

"Najua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Unajua?"

"Hata yeye ndiyo iliyomla," akasema. "Daktari wa misheni alimkataza. Alisema akinywa tena ini litakwisha. Wanangu wakaficha mitungi. Lakini mimi ndiye niliyelala naye chumbani, mimi ndiye aliyekuwa ananitazama. Nilimpa. Kidogo kidogo, kwa kata hii. Nilimpa alipokuwa na mdomo wa kuniomba, nimnyime leo ambapo hana?"

Nikasema la kijinga, kwamba basi angalau amimine chini, kwenye miguu ya mbao, si ndani ya meno.

"Mtu hanyweshwi miguuni," akanijibu. Akapangusa kata kwa ncha ya kanga. "Usiwaambie wanangu. Wakijua wataiondoa." Akaenda misa.

Basi nikabaki na siri ambayo sikuiomba, na mashine ambayo sikuiomba, na mkwe ambaye kila alfajiri alizirudisha nyuma juhudi zangu za jana yake. Nikawa namenya mchana, jioni nafungua kifuniko na kuchokoa meno kwa kijiti, naosha kwa maji ya mfongo, nafunga. Alfajiri nasikia mlango wake unalia. Nikalala pale kitandani nikiuma meno. Nilimpenda na ningeweza kumtikisa.

Gunia likarudishwa tena. Safari hii mume wangu hakukaa juu yake, alilitupa. Kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika, na nikamwona mzuri.

"Imetosha," akasema. "Namwita kaka. Hii inatoka, nanunua nyingine."

Hilo ndilo neno nililolisubiri tangu nilipoolewa. Nikapika mbege kwa furaha kabisa. Wakati naipika nikajikuta namtazama mama mkwe akipita uani, akigusa ile mashine kwa kiganja kila alipopita, bila kuangalia, na furaha ikaanza kuwa na uchungu mdomoni.

Wakaja wote. Shemeji mkubwa akakaa kwenye kigoda chake. Mume wangu akasema maneno yake bila kubabaika: tumetengeneza, imeharibika, ghala limetukataa mara ya pili, mke wangu anaumia. Wazee wakatikisa vichwa.

"Kuna mawili," akasema shemeji mkubwa mwishowe. "Ama chuma chenyewe kimeoza, tukitupe. Ama kuna mtu anaiharibu, tumjue ni nani, na bado tuiondoe asiendelee." Kisha akageuka, akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akanitazama mimi. "Shemeji, wewe ndiye unayeizungusha. Ina nini?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Hakuniangalia, aliangalia ndizi iliyokuwa mkononi mwake.

Hotuba nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeitunga kwa misimu yote ile, nikiizungusha kichwani pamoja na ule mkono, na ilikuwa hotuba nzuri, yenye bega langu, na ungo, na wanaume wanaojadili wasichokigusa. Chuma kimeoza, ningesema hilo tu, lilitosha, na nusu yake ilikuwa kweli. Njia zote mbili alizozitaja shemeji zilinipeleka kwenye mashine mpya. Na zote mbili zilimtoa yule mzee nyumbani.

"Haina kitu, shemeji," nikasema. "Nadhani ni mimi. Naizungusha vibaya."

Mume wangu alinitazama kama aliyemwagiwa maji. Wazee wakaguna. Shemeji yangu akaegemea nyuma, na uso wake ukafunguka kwa raha ya mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua siku zote.

"Nilidhani hivyo," akasema. "Sikutaka tu kusema mbele ya watu. Mashine ya baba haikuwahi kusumbua mikononi mwa mama." Mama mkwe hakuwahi kuizungusha hata siku moja; enzi za mzee walizungusha vibarua. Hakuna aliyelikumbuka hilo, au wazee waliolikumbuka walikuwa na kata za pombe mkononi. "Itengenezwe tena," shemeji akahukumu. "Na kesho mke wangu atakuja kukufundisha."

Wakasema ndiyo, wakanywa pombe yangu mpaka ikaisha.

Na kweli yule mke wa shemeji akaja. Alisimama nyuma yangu asubuhi nzima akinielekeza namna ya kushika mkono wa mashine, kidole gumba hivi, kiwiko hivi, mama usiinamie hivyo, yeye aliyezoea kile chuma chake kinachozunguka hata ukikipulizia. Nilifuata kila alichosema. Ikakata punje vilevile. Akaniambia nitazoea. Mume wangu hakusema nami siku mbili.

Siku ile mke wa shemeji alipokwisha kuondoka nilibaki na vikapu viwili ambavyo havijaguswa na jua linashuka. Nikafunga mtoto vizuri mgongoni, nikashika mkono wa mashine, nikaanza. Sikumsikia mama mkwe anakuja. Niliona tu mkono mwingine, mkavu, wenye mishipa, ukijipachika juu ya wangu.

"Tuzungushe," akasema.

Hakuwa na nguvu. Hakujua mwendo wake. Nilipovuta alisukuma, nilipoachia alikaza. Kila mzunguko ukawa mzito mara mbili kuliko ambavyo ungekuwa peke yangu, na punje zilizotoka zilikuwa mbaya kuliko zote tulizowahi kumenya. Nikataka kumwambia, mama, achia, unanichelewesha. Mdomo nilikuwa nao, kama alivyokwisha kumwambia mumewe.

Tulimaliza giza likiingia, na kesho yake akaja tena.